Rekodi ya kesi ya bangi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya maswali huja kila mara, mengi kutoka kwa vijana wa Kibra, Mathare, Kayole na Dandora, mengine kutoka kwa watu wetu walio Marekani, na kwa sababu yanafanana nimeyaweka mahali pamoja. Mimi si wakili. Nimekaa tu na watu wakijaza fomu na kufuata mafaili kotini, na kuna kitu kinaniuma sana: mtu alishikwa na msokoto mmoja akiwa na miaka 19, leo ni baba ya watoto watatu na bado hawezi kuandikwa soja wa geti juu ya ule msokoto. Kama kesi yako ni nzito ama iko kotini sasa hivi, tafuta wakili, usitegemee hii peke yake.

Kwani bangi si ishahalalishwa Kenya?

Bado. Hata kama mtaani kwenu inavutwa mchana peupe na hakuna mtu anaulizwa, kwa sheria ni kosa. Sheria yenyewe ni ile ya dawa za kulevya ya 1994, na venye iliandikwa mara ya kwanza, mtu akishikwa na bangi ya kuvuta mwenyewe angeweza kufungwa miaka 10, na akishindwa kuonyesha koti kwamba ni ya kuvuta mwenyewe, miaka 20. Mwaka wa 2022 Bunge lilirekebisha hiyo sheria na adhabu ya anayetumia mwenyewe ikashuka, lakini kushusha adhabu si kuhalalisha, na ukipatikana na hatia leo bado ni hatia.

Naona watu wanachanganywa na siasa. Mwaka wa 2018 marehemu Ken Okoth, mbunge wa Kibra, alimwandikia Spika akitaka kuleta mswada wa bangi, akafariki Julai 2019 na mswada haujawa sheria. Mwaka wa 2022 George Wajackoyah akagombea urais akiahidi kuihalalisha, mikutano ikajaa, lakini kura zilipohesabiwa alikuwa na 61,969 peke yake kati ya zaidi ya milioni 14. Marasta nao walienda Mahakama Kuu 2021 wakitaka waruhusiwe kuitumia kwa ibada zao. Hayo yote ni mjadala, hakuna hata moja lililofuta kesi ya mtu.

Sasa kama bado ni kosa, kuongea habari ya kufuta rekodi si kupoteza wakati?

Hapana, na nitaeleza zaidi huko chini. Kwa sasa jua hili: utafiti wa 2022 wa NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ulikadiria Wakenya 518,807 wanatumia bangi. Hao si watu wa mbali, ni wapangaji wenzako. Na wanaoshikwa ni wale wa ploti na baze, si wale wa nyumba zenye ukuta na kamera. Kwa hivyo rekodi zinarundikana upande mmoja wa mji, na kila mwaka zinaongezeka.

Rekodi yangu iko wapi hasa? Nani anaiweka?

Kuna mafaili mawili na watu huyachanganya.

La kwanza ni la koti, liko masjala ya koti ulikoshtakiwa, iwe Makadara, Kibera, Milimani ama kwingine, na ndani mna karatasi ya mashtaka, ulichojibu, na hukumu. La pili liko makao makuu ya DCI, idara ya upelelezi wa jinai, Barabara ya Kiambu, na hilo linaanza na vidole. Ukishtakiwa, afisa anashika kidole kimoja kimoja anakiviringisha kwa wino halafu kwa karatasi, kutoka ukingo huu wa kucha mpaka ule mwingine, kisha vinne pamoja, kisha gumba. Hiyo karatasi ndiyo inakufuata. Miaka imepita unataka kazi, unaingia eCitizen kuomba cheti cha tabia njema, unalipa shilingi 1,050, unaprinti fomu ya C24, unaenda Huduma Centre unachukuliwa vidole tena, na vidole vya leo vinalinganishwa na vile vya zamani. Jina unaweza kubadilisha na kitambulisho kinaweza kupotea, vidole ni vile vile.

Na hiyo gudi kondakti, yaani hicho cheti, siku hizi inaulizwa kila mahali: NTSA wanaitaka kwa dereva na makanga wa matatu, TSC kwa mwalimu, kampuni za ulinzi kwa soja, maajenti wa kazi za Ghuba nao hawakuguzi bila hiyo. Ndio maana kesi ndogo ya bangi inaumiza mtu wa kawaida kuliko tajiri, juu tajiri haombi kazi ya geti.

Nilishikwa, nikalala seli, asubuhi nikaachiliwa. Nina rekodi?

Kama hukupelekwa kotini, hukusomewa mashtaka na hukuchukuliwa vidole, hakuna kesi ya kuonekana kwa cheti. Jina lako linaweza kuwa kwa OB, kile kitabu cha matukio cha stesheni, lakini OB si rekodi ya hatia. Na jua haki yako: Katiba kifungu cha 49 kinasema ufikishwe kotini ndani ya saa 24, isipokuwa hizo saa ziishie wakati koti limefungwa, kama wikendi, ndipo unapelekwa siku ya kwanza koti likifunguliwa. Hiyo ndio sababu watu wengi hushikwa Ijumaa jioni.

Kesi yangu ilitupwa, lakini nikiomba cheti bado inaonekana. Inawezekanaje?

Inawezekana na inatokea sana, na kati ya maswali yote hili ndilo hunikasirisha, juu hapa mtu hana hatia yoyote na bado anakosa kazi.

Inakuwa hivi. Ulipochukuliwa vidole, jina lako liliingia DCI kama mtu aliye na kesi. Kesi ikiisha, stesheni iliyokushtaki inatakiwa irudishe matokeo DCI. Mara nyingi hayarudi. Afisa aliyekuwa na faili ashahamishwa, karatasi imelala kwa droo fulani, na kwa mfumo wewe bado uko kotini hata kama hakimu alikuachilia miaka kumi iliyopita.

Dawa ni kuyafuata mwenyewe. Nenda masjala ya ile koti ukiwa na nambari ya kesi, na kama umeisahau tafuta ile risiti ya dhamana, imeandikwa hapo. Omba nakala ya mwenendo wa kesi na uamuzi, iliyopigwa muhuri wa koti, si fotokopi tu. Kama faili ni la zamani watakwambia urudi, na utarudi, wameliweka stoo na lazima litafutwe. Ukiipata isome vizuri kabla ya kuondoka uone kesi iliisha kwa kifungu gani. Ikiwa ni 215 cha sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, uliachiliwa baada ya kesi kusikilizwa. Ikiwa ni 210, hakimu aliona huna kesi ya kujibu. Hizo mbili ni safi. Ikiwa ni 87(a), mwendesha mashtaka aliondoa kesi, na hiyo si hatia lakini kisheria wanaweza kukushtaki tena kwa kosa lile lile, kwa hivyo usishtuke ukiulizwa maswali zaidi.

Ukishapata hiyo nakala peleka makao makuu ya DCI, ofisi ya rekodi, pamoja na kitambulisho, uombe rekodi isahihishwe. Baki na nakala yako. Wakikataa ama wakinyamaza, andika barua na utaje kifungu cha 35(2) cha Katiba, kinachompa kila mtu haki ya kusahihishiwa ama kufutiwa habari za uongo ama za kupotosha zinazomhusu, na sheria ya kulinda data ya 2019 inayotoa haki kama hiyo. Barua yenye kifungu cha Katiba husomwa tofauti na mtu anayebembeleza kwa dirisha. Na ikishindikana kabisa unaenda Mahakama Kuu, hapo sasa ni na wakili.

Nilikubali kosa nikalipa faini siku hiyo hiyo. Si hiyo iliisha?

Adhabu iliisha. Hatia haikuisha. Hapa ndipo vijana wengi wa Nairobi walipoangukia na hakuna aliyewaeleza.

Angalia venye inaendaga. Jumatatu asubuhi watu wamejaa kizimbani, karani anasoma shtaka haraka haraka, ulipatikana na misokoto miwili ya bangi mahali fulani ndani ya Kaunti ya Nairobi, ni kweli ama si kweli? Kijana amelala seli tangu Ijumaa, hajaoga, hajala vizuri, mama yake amekaa kwa benchi la nyuma ameshikilia pesa za kukopa kwa chama, na huko seli ameambiwa na wenzake ukikubali unalipa unaenda, ukikataa unapelekwa rumande Industrial Area. Anasema ni kweli. Dakika mbili imeisha. Mama analipa, wanapanda matatu wanarudi nyumbani wakishukuru Mungu, na ile ni kweli yake inaenda kukaa Barabara ya Kiambu.

Unaweza kukata rufaa? Sheria inasema rufaa iwe ndani ya siku 14, na ukichelewa unaomba Mahakama Kuu ikuruhusu ukiwa na sababu nzuri. Shida ya pili ni kwamba mtu aliyekubali kosa kwa kawaida anaruhusiwa kulalamikia adhabu peke yake, kama ni kali sana ama haikuwa halali, si hatia yenyewe. Lakini kuna mlango. Tangu kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri ya 1973, koti zetu zinataka kukubali kosa kuwe kwa wazi kabisa: shtaka usomewe kwa lugha unayoelewa, jibu lako liandikwe, maelezo ya kesi yasomwe, na upewe nafasi ya kuyapinga. Kama mwenendo wa kesi unaonyesha hayo hayakufanyika, ile hatia inaweza kutikisika. Pia Mahakama Kuu ina uwezo wa kuitisha faili la koti ndogo na kurekebisha makosa yaliyo wazi, hiyo iko kifungu cha 362 kwenda mbele cha ile sheria ya mwenendo wa kesi za jinai, na njia hii huwa nyepesi kuliko rufaa kamili. Nisikudanganye, kesi ya miaka mingi iliyopita ni ngumu kufufua. Lakini soma faili lako kwanza kabla ya kukata tamaa, watu wengi hawajawahi hata kuliona.

Kuna miaka fulani ikipita rekodi inajifuta yenyewe?

Kwa mtu mzima Kenya, hapana. Uingereza kwa mfano wana sheria tangu 1974 inayosema kosa dogo likishapita muda fulani linahesabika limekwisha, na mtu aliyepigwa faini tu hungoja mwaka mmoja, baadaye akiomba kazi ya kawaida halazimiki kulitaja. Sisi hatuna kitu kama hicho. Faini ya elfu tano ya mwaka wa 2009 inakaa karibu na kesi ya wizi wa mabavu kwa rejista moja.

Na msamaha wa Rais?

Upo, na watu wengi hawajui mtu wa kawaida anaweza kuuomba. Katiba kifungu cha 133 kinasema Rais anaweza kusamehe mtu aliyepatikana na hatia, ama kumpunguzia adhabu, kufuatia ombi la mtu yeyote, na kuna kamati ya ushauri kuhusu msamaha inayochambua maombi kabla hayajafika kwake. Unajaza fomu, unaeleza kesi, adhabu uliyotumikia, na umeishi vipi tangu hapo. Barua za chifu, mwajiri, mchungaji ama imamu zinasaidia.

Lakini jua unachoomba. Hiyo kamati huangalia sana watu walio ndani, wa vifungo virefu. Na msamaha si kitu kimoja na kufuta: unasema umesamehewa, hausemi haikutokea. Hata hivyo barua ya msamaha ukiwa nayo mkononi mbele ya mwajiri si kitu kidogo, na kama hatia yako imekufungia kazi ya maana mimi ningekwambia jaribu.

Nilikuwa na miaka 16 wakati huo. Je?

Sheria ya watoto, ile ya 2001 na hii ya 2022, inashughulikia mtoto kivyake. Ya 2001 ilikataza kabisa kutumia maneno ya hatia na kifungo kwa mtoto aliyepitia koti ya watoto. Kwa hivyo kama kesi ya utotoni inaonekana kwa cheti chako kama hatia ya mtu mzima, hilo ni kosa la kusahihishwa. Beba cheti cha kuzaliwa pamoja na nakala ya kesi. Kuna vijana wengi waliandikwa miaka 18 kwa karatasi ya mashtaka juu hakuna aliyeuliza, kwa hivyo angalia hapo kwanza.

Kuna mtu mjini amesema elfu kumi na tano na rekodi inatoka. Nimlipe?

Usilipe. Tafadhali. Mabroka wako kila mahali na wanajua una haraka ya kazi. Wengine wanakupa cheti feki chenye muhuri mzuri kabisa, mwajiri akihakikisha kinakataa, na sasa una kesi ya kughushi, ambayo ni mbaya mara mia kuliko ya bangi. Hakuna ada ya kufuta rekodi kwa sababu hakuna utaratibu wa kuifuta. Kama unahitaji msaada na huna pesa, kuna huduma ya taifa ya msaada wa kisheria iliyoundwa kwa sheria ya 2016, na Kituo cha Sheria wamesaidia wanyonge wa mji huu kwa miaka mingi bila malipo.

Nchi zilizohalalisha bangi zilifanya aje na rekodi za zamani?

Hapa nitachukua muda kidogo, juu ndipo somo letu lilipo.

Nchi nyingi mwanzoni zilisema sawa, rekodi itafutwa, ila mwenyewe uje uombe. Kwa karatasi inaonekana haki. Kanada ilihalalisha Oktoba 2018, na Agosti 2019 ikafungua njia ya kusitisha rekodi za kupatikana na bangi bila malipo. Serikali yao ilitarajia watu kama 10,000 waombe. Miaka miwili baadaye waliofanikiwa hawakuwa wamefika hata 500. Si kwamba watu hawakutaka. Fomu zilitaka alama za vidole, nakala za koti, barua za polisi wa mahali ulipoishi, na kila moja ina gharama na foleni yake, na aliyehitaji zaidi ndiye hana siku ya kupoteza kazini.

California hivyo hivyo. Walipiga kura kuhalalisha Novemba 2016, na sheria ikaruhusu mtu kwenda kortini kuomba kesi yake ipunguzwe ama ifutwe. Mji mzima wa San Francisco, kwa mwaka mmoja, walioomba walikuwa 23. Watu 23! Ndipo mwendesha mashtaka wa huko, George Gascón, akatangaza Januari 2018 kwamba ofisi yake itatafuta kesi zote yenyewe bila mtu kuomba. Wakasaidiwa na shirika la Code for America lenye programu ya kompyuta inayosoma rekodi, na mwaka uliofuata zaidi ya kesi 9,000 za tangu 1975 zikapatikana. Sheria ilikuwa ile ile na watu wale wale, kilichobadilika ni nani alibeba mzigo wa kutafuta.

Baada ya hapo majimbo mengine yakajifunza. Illinois ilipohalalisha, kuanzia Januari 2020, iliandika kufuta rekodi ndani ya sheria ile ile, na kesi za chini ya gramu 30 zikawa za serikali kushughulikia. New York ilifanya hivyo 2021. Maryland, gavana Wes Moore alisamehe hatia zaidi ya 175,000 kwa siku moja Juni 2024.

Na Afrika? Afrika Kusini ndio wa kuangaliwa. Mahakama yao ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima akitumia bangi faraghani si kosa, na Mei 2024 Rais Ramaphosa akatia sahihi sheria ambayo ndani yake rekodi za zamani za matumizi na kupatikana nayo zitafutwa. Lakini angalia hiyo miaka: karibu sita katikati, watu wana rekodi ya kitu ambacho mahakama imesema si kosa. Na hata baada ya sahihi sheria haikuanza siku hiyo, ilibidi isubiri kanuni.

Basi siku Kenya ikihalalisha, rekodi yangu itaenda yenyewe?

Haitaenda, na hili ndilo nataka watu walishike kabisa. Tuna sheria ya tafsiri, Sura ya 2, kifungu cha 23, inayosema sheria ikifutwa, adhabu zilizotolewa wakati ilikuwa hai hazifutiki nayo, isipokuwa sheria mpya iseme hivyo. Kwa hivyo mtu anaweza kufungua duka halali la bangi Westlands na kulipa ushuru KRA, na wewe wa Korogocho ubaki na rekodi ya msokoto wa 2012 inayokuzuia kuajiriwa hata kwa hilo duka.

Ndio maana mtu akija kwenu na mswada wa bangi, awe mbunge, awe mgombea, awe mwanaharakati, mambo ya leseni na ushuru na kilimo mtasikia tu, hayo yana wenye pesa wa kuyatetea. Muulizeni ya rekodi. Je, kufuta kumeandikwa ndani ya mswada wenyewe ama ni ahadi ya baadaye? DCI na koti zitatafuta zenyewe ama ni mimi nitazunguka na C24? Kuna tarehe ya mwisho ya kumaliza? Na je, ule mstari wa kupatikana na bangi peke yake utatofautishwaje na wa kuuza, juu kwa mashtaka yetu mtu wa misokoto mitano anaweza kuandikwa muuzaji? Hata kabla ya kuhalalisha, Bunge linaweza kupitisha sheria ya makosa madogo kuisha baada ya muda kama ya Waingereza, na hiyo haihitaji mtu yeyote kuunga bangi mkono. Ukishiriki maoni ya umma, andika hiyo.

Ndugu yangu yuko Minnesota na ana kesi ya zamani ya huko. Inafutwa?

Ya jimbo, kuna uwezekano mkubwa. Minnesota ilihalalisha Agosti 2023 na sheria yao ilisema kesi ndogo zifutwe bila kuomba, kubwa zaidi zipitiwe na bodi maalum. Jimbo lingine lina yake, na Texas kwa mfano bado ni kosa.

Lakini kama si raia, mwambie asisherehekee bila wakili wa uhamiaji. Sheria ya serikali kuu ya Marekani bado inahesabu bangi ni dawa haramu, na kwa uhamiaji hatia iliyofutwa na jimbo kwa kawaida bado inahesabiwa hatia. Msamaha wa Biden wa Oktoba 2022, ulioongezwa Desemba 2023, ulihusu kupatikana nayo chini ya sheria ya serikali kuu, na ulitaja raia na wenye grini kadi tu. Na tangu 2019 maafisa wa uraia walielekezwa kwamba hata kufanya kazi kwa duka halali la bangi kunaweza kumharibia mtu ombi la uraia. Kuna watu wetu wameingia hiyo kazi wakiona risiti na kodi wakadhani ni salama.

Na kitu kingine, kabla hajafutiwa achukue nakala zilizothibitishwa za kesi yote. Ikishafutwa faili linaweza kuwa gumu kupatikana, na afisa wa uhamiaji bado atalitaka.

Nina rekodi ya Kenya, naomba viza ya Marekani. Nitaje?

Taja. Fomu ya DS-160 inauliza kama umewahi kushikwa ama kupatikana na hatia hata kama ulisamehewa. Hatia ya bangi inaweza kukuzuia, lakini kwa kosa moja la kupatikana na gramu 30 ama chini kuna watu wanaoweza kuomba waondolewe kizuizi. Uongo kwa fomu unaweza kukufungia mlango maisha yako yote.

Naweza kupiga kura? Kugombea uMCA?

Kura, ndio, hatia ya bangi haikuzuii. Kugombea, Katiba inazuia mtu anayetumikia kifungo cha miezi sita ama zaidi, si mtu aliyelipa faini zamani.

Kesi yangu bado inaendelea. Nifanye nini ili isinifuate?

Usikubali kosa ili uende nyumbani tu. Omba upewe karatasi ya mashtaka na ushahidi, uliza kama ripoti ya mkemia wa serikali ipo, juu bila hiyo wanathibitishaje ni bangi. Kama kosa lilifanyika kabla ya mabadiliko ya 2022, kifungu cha 50 cha Katiba kinakupa ile adhabu nyepesi. Na ukiona utapatikana na hatia, mwambie hakimu hali yako na uombe uachiliwe bila adhabu chini ya kifungu cha 35 cha kanuni za adhabu. Mahakimu hutumia hicho kifungu kwa kosa la kwanza, lakini wengi wao hungoja kikitajwa. Wewe kitaje.

Kwa intavyuu nikiulizwa nina rekodi, niseme nini?

Sema ukweli kwa ufupi, na uje na karatasi. Nakala ya hukumu inayoonyesha ni faini na ni kosa moja, risiti ya malipo, barua ya mahali ulipofanya kazi tangu hapo. Cheti kikitoka na maandishi, mwajiri anaona neno dawa za kulevya na anafikiria makubwa, lakini ukimwekea hukumu mezani anaona msokoto, mwaka, na kiasi cha faini. Kampuni zingine zitakataa hata hivyo. Zingine, hasa ndogo ndogo ambapo mwenyewe ndiye anaandika watu, hukuuliza tu kama bado unavuta, ukijibu wanaendelea na mambo ya mshahara.